Nimekufa Mara Kumi na Moja, Nikalipwa Kumi

Kwanza niwasamehe wote walioniambia, "Ami, usipokuwa steringi huli." Sijawa steringi, yule mhusika mkuu wa mchezo, hata siku moja. Mimi ndiye yule nahodha anayezama kabla hujamjua jina, kadhi anayeozesha watu wasiompa hata kahawa, ami mla mirathi ya mayatima. Kwa vijinafasi hivyohivyo nimetoa makuti nikaweka mabati hapa Langoni, mjini Lamu, na watoto wamesoma.

Ushauri ulioniumiza zaidi nilipewa Mombasa na bwana mmoja aliyejiita mwalimu wa sanaa. Alisema Kiamu changu, Kiswahili chetu cha Lamu, kitaninyima kazi, nikitoe. Nikakitoa! Miezi mitatu nikawa natembea kandokando ya bahari hadi Shela nikijisomesha: si kitwa, kichwa, si mato, macho, si ndoo, njoo. Punda wakinitazama.

Siku ya majaribio Nairobi nikafika nimekesha kwenye mabasi tangu Mokowe, ng'ambo yetu ya bara. Nikapewa karatasi: mzee mgonjwa anamwita mkewe. Nikavuta pumzi. "Mke wangu, niletee ile njoo ya maji!" Kimya. "Rudia, mzee." Nikarudia kwa ufasaha zaidi: "Niletee njoo, kisha unisogezee kichanda." Kijana wa kamera akatoka nje kucheka. Ulimi ulishanogewa na kusahihisha, ukawa unasahihisha hata ndoo na kitanda visivyokuwa na kosa.

Nauli ile ilinila elfu kadhaa. Nikarudi kushona kofia.

Kilichonizindua ni Mzee Ojwang' wa Vitimbi, vile vichekesho vya televisheni. Jina lake halisi Benson Wanjau, Mkikuyu, na lafudhi ya Kijaluo ndiyo iliyomtambulisha kwa Wakenya hadi alipofariki mwaka 2015. Mwenzangu alikula na lafudhi ya kuazima. Yangu mwenyewe naitupa baharini kwa nini?

Basi walipotafuta mzee wa mchezo wa redio nikaenda na Kiamu kitupu, nikachukuliwa. Pesa zao zilikuwa chache, kwa hiyo mtu mmoja alisema sauti mbili tatu. Nilikuwa nahodha, na nilikuwa pia tajiri mwenye jahazi. Nahodha kinywa kitupu. Tajiri nilimwekea tende shavu la kulia, na hapo ndipo akapata ile sauti ya mtu aliyeshiba tangu utotoni. Mambo yakaenda vizuri, mpaka mwandishi, ambaye hakuwa na habari kwamba watu wake wawili ni mimi, akaleta ukurasa wanaogombana, na tajiri anamzaba nahodha kofi.

Nilivua viatu ili nyayo zisisikike. Nahodha nilimsimamisha shubiri moja kutoka maikrofoni, maana husema chini chini. Tajiri hatua moja nyuma, uso kando, kwa kuwa hupayuka. Karatasi niliziachanisha zote, zisichakarishe nikifunua. Tende nikaihamisha kwa ulimi, shavu, chini ya ulimi, shavu, katikati ya sentensi. Likaja kofi. Nikajipiga pajani kwa nguvu zote, pwaa! Tende ikaruka kooni. Nahodha, ambaye alitakiwa anyamaze kwa aibu, akaanza kukoroma kama ng'ombe anayechinjwa. Fundi mitambo akaninyanyulia dole gumba nyuma ya kioo. Mimi nakufa, yeye ananisifu! Waliiacha hivyohivyo ikaenda hewani, na mama mmoja sokoni akaniambia hajapata kumsikia mwanamume akilia vile.

Wiki mbili baadaye mwandishi akamzamisha nahodha. Hicho ndicho kifo changu cha kwanza.

Televisheni ilinitesa kwa jambo jingine. Kwenye redio macho yako yamo ndani ya sauti, mbele ya kamera nilikuwa nakunja uso na kupayuka mpaka mwongozaji akasema, "Mzee, tunakuona, si lazima tukusikie hadi Mokowe." Nilijifunza kwa kutazama tamthilia nimezima sauti. Na ndevu msinyoe kazi haijaisha, hata iwe Idi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kungoja. Unaitwa alfajiri, unaigiza alasiri, maneno matano. Kwa hiyo nabeba sindano nashona kofia ya kiua, na tamthilia moja hunitolea kofia moja au zaidi. Ila siku moja nilijisahau nikashona ileile niliyovalishwa. Msichana anayelinganisha picha akagundua kwamba kadhi ameingia mlangoni na kofia yenye safu moja ya vitundu, na alipoketi zilikuwa tatu. Alikaribia kulia, maskini. Ikabidi nifumue, watu hamsini wakiningojea.

Kifo cha kumi na moja kilikuwa kwenye michanga ya Shela, nimefunikwa shuka, sisimizi wananipanda shingoni na maiti hajikuni. Prodyusa akasema, "Mzee wangu, nitakutumia kwa M-Pesa jioni." Jioni hiyo haijaingia, na mwaka umepita.

Juzi akanipigia, sauti asali tupu: hadithi inaendelea, anataka pacha wa marehemu arudi kutoka Unguja. Nimemwambia huyo pacha anataka pesa mbele, na anadai za nduguye pia.