Nilivyounda kompyuta yangu ya kwanza, ikanirudisha kwenye pawa saplai

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu. Kwa miaka minne niliifanya kwa laptopu, mpaka mwanzoni mwa 2023 nikaamua kuunda kompyuta ya mezani kwa mkono wangu. Nilitembea Kariakoo Jumamosi tatu mfululizo: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600, mazabodi (bodi kuu inayounganisha vyote) ya B550, rami (kumbukumbu ya muda) gigabaiti 32, kadi ya picha ya RX 6600. Kesi niliuziwa ikiwa na pawa saplai yake ndani, yaani kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, ubavuni imeandikwa 600W kwa maandishi makubwa mekundu. Niliona nimepata nafuu, maana hela ilikuwa imebaki ndogo.

Kuunga kulinichukua siku nzima, na ikawaka mara ya kwanza. Nilifurahi sana. Wiki ya pili nikaanza kurenda, yaani kuiacha kompyuta itoe video iliyokamilika, harusi ya saa mbili na nusu, na ilipofika kama dakika ya kumi na moja ikazimika. Haikuganda wala kuleta ujumbe wowote, ilizimika tu kama mtu amechomoa waya. Nikawasha, nikaanza upya, ikazimika tena. Nikajua ni joto, kwa sababu tuko Dar na chumba changu hakina kiyoyozi. Nikafungua ubavu wa kesi, nikaweka feni ya mezani pembeni, nikawa natazama kipimo: nyuzi 71. Prosesa hii AMD wameiwekea kikomo cha nyuzi 90, kwa hiyo 71 haimzimi mtu. Nikahamia kwenye rami, nikajaribu kijiti kimoja kimoja. Haikusaidia. Tarehe ya bibi harusi kuja kuchukua kazi yake inakaribia, na mimi nalala saa nane usiku.

Nikaibeba kompyuta kwa bajaji mpaka kwa fundi mmoja anayenitengenezea vitu siku nyingi. Hata hakuiwasha. Alilegeza skrubu nne za nyuma, akaitoa pawa saplai, akaipima uzito mkononi, kisha akanionyesha kibandiko.

"Dada, hiyo namba kubwa iache. Soma huku chini, mstari wa volti 12."

Mstari ulisema ampea 22.

"Zidisha."

Volti 12 mara ampea 22 ni wati 264. Hizo ndizo wati za kweli nilizokuwa nazo, kwa sababu kwenye kompyuta za siku hizi prosesa na kadi ya picha, yaani walaji wakubwa wote wawili, wanakula kwenye volti 12. Zile zilizobaki kufikia 600 zilipakiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambako mashine yangu haili kitu cha maana. Kisha tukahesabu matumizi: prosesa inaruhusiwa kufika wati 76, kadi ya picha 132, mazabodi, rami, feni na diski tukaziwekea 50. Jumla 258. Na kadi ya picha haibaki kwenye 132 muda wote, ina vipindi vya kufyonza zaidi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Wakati wa kurenda, prosesa na kadi zinakula kwa pamoja, na pawa saplai inajizima kujilinda. Hiyo kwa kweli ni bahati, kwa sababu nyingine za bei hiyo hazijizimi, zinaungua na kuondoka na mazabodi.

Nilinunua ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze kwa laki moja na themanini. Kibandiko chake kwenye volti 12 kilisema ampea 45, ambayo ni wati 540. Hapo namba kubwa na namba ndogo zinasema kitu kimoja. Ningemwambia yeyote anayeunda mara ya kwanza aanze kununua pawa saplai kabla ya kadi ya picha, na kama hela haitoshi, apunguze kwenye kadi. Ile alama ya 80 Plus inakueleza ni umeme kiasi gani unapotea kama joto, haikuhakikishii ubora wa vilivyomo ndani, kwa hiyo isikufanye uache kusoma ampea.

Nyaya za pawa saplai hii mpya zinachomoka, na hapa nusura nifanye kosa kubwa. Nilihitaji waya mmoja zaidi wa diski, rafiki akanipa wa pawa saplai yake ya kampuni nyingine. Plagi iliingia vizuri kabisa. Nikampigia fundi simu kumuuliza tu, akapandisha sauti: "Usiwashe!" Upande wa diski plagi ni moja duniani kote, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka. Ningeweza kupeleka volti 12 mahali panapongoja 5, na ile diski ilikuwa na harusi sita za watu.

Kuhusu UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, nitasema machache. Mtaani kwetu umeme unakatika na wakati mwingine unashuka, kwa hiyo niliihitaji. Nayo ina namba kubwa, 650VA, lakini kwenye wati ni 360. Umeme ukikatika inatumia milisekunde chache kuhamia kwenye betri, na katika pengo hilo pawa saplai inatakiwa iishi kwa akiba yake yenyewe. Nzuri inavumilia kama milisekunde 16. Kwa ile pawa saplai ya zamani, kompyuta ilikuwa inazimika hata UPS ikiwepo, nami nikawa nailaumu UPS.

Mashine ilipotulia ndipo nikaanza kuovakloki, yaani kuisukuma prosesa ikimbie kupita mwendo wa kiwandani. Nilifanya kama nilivyoona wengi wanafanya: nikaingia kwenye bayosi, yaani menyu ya mipangilio iliyo kwenye mazabodi, nikaweka 46, ambayo ikizidishwa na 100 inakuwa megahezi 4600, na volti 1.35. Usiku ilikwenda vizuri. Kesho yake saa nane mchana, chumba kikiwa nyuzi 32, joto la prosesa lilipanda 80, 85, 88, likagusa 90, nikasimamisha kazi mwenyewe. Volti inauma kwa sababu moto wake unapanda kwa kipeo cha pili: kutoka 1.2 kwenda 1.35 ni ongezeko la asilimia 12 na nusu tu, lakini umeme unaoliwa unapanda kama asilimia 27 kabla hujaongeza mwendo hata kidogo. Na feni yangu ni ile ndogo iliyokuja na prosesa.

Nikarudi kinyume. Kuna sehemu kwenye bayosi inaitwa Curve Optimizer, ambayo inakuruhusu kupunguza volti kwa kila kiini huku prosesa ikiendelea kujiamulia mwendo. Nilianza na hasi 10, nikarenda siku mbili, hasi 15, siku mbili, hasi 20. Kwenye hasi 25 kompyuta ilijiwasha upya usiku ikiwa haifanyi kazi yoyote. Nimeelewa baadaye kwamba ndivyo inavyojitokeza, inaanguka zaidi ikiwa imetulia kuliko ikiwa inafanya kazi. Nikarudi 20 na nimebaki hapo. Kwa sababu kikomo chake ni wati zile zile 76, volti ikipungua inapata nafasi ya kukimbia: ilikuwa inarenda karibu na gigahezi 4.2, sasa inashika 4.4 muda wote, na mchana haivuki nyuzi 76.

Rami nazo, ziliandikwa mwendo wa 3200 lakini bayosi ilizianzisha kwenye 2133 mpaka nilipowasha XMP, mpangilio wa bayosi unaozipa rami mwendo ulioandikwa. Hiyo kila mtu aiangalie siku ya kwanza. Nikazipeleka 3600, zikapita kipimo cha Memtest86 usiku kucha. Nilipojaribu 3800 kioo kikabaki cheusi. Nikachomoa umeme, nikang'oa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye mazabodi kwa ncha ya bisibisi ili bayosi isahau mipangilio yangu, nikangoja dakika tano, nikairudisha. Ikawaka kama mpya, nikairejesha 3600.

Mwezi uliopita binamu yangu wa Morogoro alinitumia picha ya boksi, akiwa dukani: "Dada, hii 650W nichukue?" Nikamwambia amuombe muuzaji aitoe, aigeuze, apige picha ya kibandiko. Ikaja picha imetikisika kidogo. Volti 12, ampea 54.

Nikamjibu: "Lipia."