Nyavu 17, madirisha 16

Nyumba tuliyonunua hapa St. Paul, Minnesota, ilijengwa mwaka 1926. Mwenyewe aliyetangulia alituachia besimenti, chumba cha chini ya nyumba, makopo ya rangi iliyokauka, kiti chenye miguu mitatu, na fremu za mbao 33 zilizoegemezwa ukutani. Kumi na saba zilikuwa na nyavu, kumi na sita zilikuwa na vioo. Mke wangu alikwisha kuita gari la kuzoa taka. Mimi nimelelewa Tanga na baba mdogo ambaye ni seremala, kwa hiyo mkono ulitangulia akili: niliishika moja, nikaiona nzito, mistari ya mbao imebanana kama kurasa za msahafu. Nikamwambia mke wangu, subiri kwanza.

Kwetu dirisha ni nondo, shata, na wavu uliogongomelewa kwenye fremu na kuzibwa kingo kwa bidingi, vile vipande vyembamba vya mbao. Fundi anaugonga mara moja, basi. Utakaa hapo unakusanya vumbi na moshi wa jikoni mpaka ugeuke rangi ya chai, na siku utakapotoboka utawekewa kiraka. Sijawahi kumwona mtu Tanga anashusha nyavu za nyumba nzima kwa sababu mwezi umebadilika.

Nyumba za umri huu hapa zina dirisha la vioo viwili vinavyopanda na kushuka. Ndani ya ukuta, pembeni, kuna kamba na vipande virefu vya chuma vinavyoning'inia, ndivyo vinavyobeba uzito wa dirisha unapolinyanyua. Kwa kuwa hakuna kinachofunguka kwenda nje, upande wa nje unabaki huru kutundikiwa kitu. Mei unatundika wavu. Oktoba unaushusha na kutundika kioo cha ziada, ili hewa inayonaswa kati ya kioo na kioo iwe blanketi. Tarehe 30 Januari 2019 hapa ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Siku hiyo ndipo unaelewa kwa nini mtu anahangaika na ngazi.

Majirani wengi walishaachana na kazi hiyo. Tangu miaka ya 1950 yapo madirisha ya alumini yenye reli, wavu na vioo vyote vinakaa humohumo, unateremsha unachokitaka kwa kidole. Nilipiga hesabu ya kuyaweka kwenye madirisha 16. Kwa bei niliyotajiwa ningepata kiwanja Pongwe, kule Tanga, na tofali za kuanzia. Nikarudi besimenti kuzitazama zile fremu kwa heshima zaidi.

Kabla ya hapo tulipanga ghorofani, na wavu wetu ulikuwa ule wa kuvuta: vipande viwili vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Unanyanyua kioo cha chini, unaupachika pale chini, unautanua mpaka ubane pembeni, unashusha kioo juu yake. Dola chache tu hadwea. Nilijiona mjanja kwa usiku mmoja. Asubuhi mwanangu ana madoadoa kama chui. Nilikaa na tochi usiku wa pili nikamwona mbu mwenyewe: kioo cha chini kikinyanyuliwa kinaacha mwanya kati yake na kioo cha juu, mwembamba kama unene wa kidole, naye anapanda humo taratibu kama mtu anayetumia ngazi za jengo, anatokea juu, anaingia chumbani. Wavu haukuwa na kosa. Uliziba mlango wa mbele, wa nyuma ukabaki wazi. Kama unautumia huo, jaza mwanya kwa sponji.

Mbu wa huku hawana malaria, lakini msiwadharau. Kuna virusi vya West Nile, na kuna wingi wao tu. Watu hutania kwamba mbu ndiye ndege rasmi wa jimbo. Aliye rasmi ni ndege wa majini aitwaye loon. Kaunti za hapa mjini ziliunda chombo maalumu cha kupambana na mbu tangu 1958, kina helikopta. Helikopta kwa ajili ya mbu! Nilipomsimulia baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

Mei ya kwanza nilibeba wavu mmojammoja, nikazunguka nyumba kama mtu anayejaribisha viatu vya watu mlangoni mwa msikiti. Hakuna uliokaa. Mzee jirani, aliyekwisha kuvuka miaka themanini, alinitazama toka barazani kwake kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa kabla ya kuja. Akageuza fremu, akanionyesha ukingo wa chini: kimsumari cha shaba, kichwa chake kimechongwa namba. Kisha akainama kwenye kizingiti cha dirisha, akakwangua rangi kwa ukucha. Namba ileile. Kila wavu ulikatwa kwa dirisha lake, na hakuna madirisha mawili yaliyo sawa, hata kama kwa macho ni pacha. Palipodondoka msumari, waliotangulia walichonga namba za Kirumi kwa patasi.

Kuanzia hapo kazi ilienda. Wavu unaning'inia kwa vyuma viwili juu. Kulabu inakaa nje, kwenye mbao ya juu ya dirisha. Sikio linakaa kwenye fremu ya wavu. Unaunyanyua wavu ukiwa umelala kidogo kuelekea kwako, unaingiza sikio kwenye kulabu, kisha unauachia ushuke mpaka uketi, na chini unaufunga kwa ndani kwa ndoano. Kwa ghorofa ya juu unaweza kuutoa kupitia dirisha lenyewe, ukiwa ndani, umeushika kwa mikono miwili nje ya nyumba huku umeng'ata midomo. Nimeangusha mmoja tu. Uliangukia maua ya mke wangu, wavu ulipona.

Namba 6 ndiyo iliyonifundisha adabu.

Wavu namba 6 ulikuwa wa dirisha namba 6, msumari unasema hivyo, lakini pembe ya chini kushoto ilikwama. Nyumba ya karibu miaka mia hujikalia upande inaoutaka. Nami, mwana na mwanafunzi wa seremala, nikachukua randa. Ilikuwa Juni, joto na unyevu kama Tanga wakati wa masika. Nilipunguza pembe, nikajaribu, nikapunguza tena, mpaka ikaingia vizuri kabisa. Nilijipongeza kwa soda. Septemba hewa ilipoanza kukauka, mbao nayo ikakauka, ikasinyaa, na pale nilipopiga randa pakawa na pengo la kupitisha penseli. Mbu wa Septemba ni wachache, lakini wana njaa ya kufunga hesabu za mwaka.

Mzee jirani alipoona hakucheka, na hilo liliuma zaidi. Aliweka pimamaji juu ya zile kulabu mbili. Ya kushoto ilikuwa chini ya mwenzake karibu nusu inchi. Wavu ulikuwa unaning'inia umeinama. Ile pembe haikuwa kubwa, ilikuwa imeshuka tu. Nilikuwa nimekata mbao iliyonyooka ili ilingane na chuma kilichopinda.

Dawa yake ilikuwa kwenye kopo la biskuti: masikio yenye tundu refu badala ya tundu la duara. Unalegeza skrubu, unasogeza sikio juu au chini kadiri ya urefu wa tundu, unakaza. Ni hivyo tu. Upande wa kushoto ulipandishwa nusu inchi na namba 6 ikakaa wima. Pengo la ujinga wangu nililiziba kwa kipande cha mbao na gundi, nikakipaka rangi, na bado nakiona kila nikipita.

Kwa hiyo kwa yeyote wenu aliyenunua nyumba kuukuu huku, nasema kutokana na kovu: msumeno na randa viwe vya mwisho kabisa. Pima kwanza pembe kwa pembe, pembe ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vikilingana, fremu imekaa mraba na kosa liko kwenye chuma. Sogeza chuma. Nunua vitundikio vyenye tundu refu, na ununue kulabu na masikio yake pamoja, maana za kampuni moja na za nyingine hazipatani hata kwa mtutu wa bunduki. Nyumba yangu ina koo tatu za vitundikio, na kila ukoo haumjui mwenzake. Skrubu usizikaze mpaka mwisho siku ya kwanza. Acha wavu ukae wiki, upigwe mvua na jua, ndipo ukaze. Na vile vitundu vidogo chini ya fremu ya kioo cha baridi usivizibe kwa silikoni, hata vikikuudhi. Ndivyo vinavyotoa maji. Ukiviziba, kizingiti kinaoza kimyakimya.

Kubadilisha wavu wenyewe ni rahisi kuliko kuosha biriani iliyoungua. Kwenye fremu za kisasa kuna mfereji na kamba ya mpira. Unatandaza wavu, unaikandamiza kamba ndani ya mfereji kwa kigurudumu. Fremu zangu za mbao zinataka pini na bidingi, kama Tanga. Hapo nilijisikia nyumbani.

Jambo moja silifanyii utani. Wavu huu unazuia mdudu, hauzuii mtoto. Kwetu nondo zimetuzoesha kumwacha mtoto ajiegemeze dirishani. Huku hakuna nondo, na wavu ukisukumwa na mtoto wa miaka miwili unatoka. Kitanda cha watoto kikae mbali na dirisha.

Nilimpigia baba mdogo kwa video kumwonyesha kazi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona umepanda ngazi na viatu vya kuendea harusini?"

Nikamwonyesha kulabu, sikio, tundu refu. Alitazama muda mrefu, simu ameisogeza puani.

"Sasa kwa nini usigongomee ukamaliza?"

"Oktoba natakiwa kuutoa."

"Na Mei?"

"Naurudisha."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, baba."

"Haya," akasema. "Hao jamaa wamepata njia ya kumpa fundi kazi milele."

Baada ya wavu ikaja habari ya kivuli, turubai la kukinga jua nje ya dirisha. Ilianzia chumba cha watoto, kinachotazama magharibi. Juni jua la hapa linazama saa tatu usiku, yaani mchana kutwa linapanda, halafu jioni nzima linakuja kukaa chumbani mwa watoto kama mgeni asiyejua kuaga. Wavu unaleta hewa, haupunguzi jua. Jumamosi moja mtu mtaani ametoa vitu vyake nje ya gereji kuviuza, nikaona turubai la kijani na mikono yake ya bomba: kivuli cha dirisha. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno moja kwa vyote viwili. Chandarua ni cha mbu, na ni kitambaa cha kutandazwa juu kukinga jua. Nilipokuwa nabeba chandarua changu cha pili kwenda nyumbani nilifurahia hilo kuliko bei.

Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kivuli cha namna hii hupunguza joto la jua linaloingia kwa hadi asilimia 65 kwenye dirisha la kusini, na 77 kwenye la magharibi. Mimi sina kipimo. Najua watoto walianza kulala. Ufungaji wake ni ndugu wa wavu. Kila mkono unashikwa ukutani na breketi yenye skrubu ya kubana, na ukilegeza skrubu mkono unapanda au kushuka. Mara hii sikutegemea macho. Nilifunga usawa kwa pimamaji, nikajisifu, mvua ya kwanza ikaja, na maji yote yakatuama katikati ya turubai kama tumbo la mjamzito. Usawa kamili haukutakiwa. Nilishusha mikono yote miwili ili mteremko uwe mkali, na mmoja nikaushusha zaidi kidogo ili maji yajue pa kwenda.

Turubai hushuka kabla ya theluji, hilo mzee jirani alilisema kwa kidole. Anakumbuka dhoruba ya theluji ya Halloween ya 1991: ilianza tarehe 31 Oktoba, ilipokoma tarehe 3 Novemba zilikuwa zimeanguka inchi 28.4 hapa mjini, na watu walikuwa bado na nyavu madirishani na vivuli vya vitambaa. Mikono ya bomba ilipinda kama vijiko.

Mwaka huu nimemaliza wiki ya pili ya Oktoba. Vioo 16 viko juu, nyavu ziko besimenti kwa mpangilio wa namba. Namba 12 ndiyo haijawahi kupata mahali. Hakuna dirisha namba 12. Nilimwuliza mzee, akanipeleka upande wa kaskazini, nyuma ya jiko, akagonga ukuta. Anasema lilikuwapo, likazibwa walipoweka makabati. Ukisogeza shina la mzabibu unaziona kulabu zake mbili bado ziko kwenye mbao za ukuta, zimepakwa rangi nyeupe pamoja na kila kitu, na moja iko chini kidogo ya mwenzake.

Baba mdogo ameiona fremu hiyo kwenye video. Anasema mbao nzuri sana, niikate bidingi.

Sijaikata bado.