Flai ya foamu inayozunguka kwenye ndoano: nilivyoimaliza hiyo shida

Jamani leo niongelee foamu ya kutengenezea flai, yaani mdudu wa bandia anayefungwa kwenye ndoano kudanganya samaki. Kuna siku nilikuwa mtoni tangu asubuhi na mende wangu mweusi wa foamu, trauti mmoja mzuri kabisa akapanda, akafungua mdomo, nikainua fimbo, hola. Akapanda tena, hola. Mara ya tatu nikavuta mshipi nikaishika flai mkononi nikaikagua vizuri, kumbe foamu yote imezunguka imelala ubavuni na ncha ya ndoano imefunikwa. Yule samaki alikuwa anauma foamu tupu! Roho iliniuma sana, maana samaki alifanya kila kitu sawa, kazi yangu ndo ilikuwa mbovu.

Sasa foamu yenyewe kwanza. Ninayotumia ni ile ngumungumu inayofanana na soli ya ndala, ya unene wa milimita 2. Vijitundu vyake vya ndani kila kimoja kimejifunga peke yake na hewa yake, maji hayana pa kupita, ndo maana flai ikizama inaibuka yenyewe hata bila kuipaka dawa ya kuelea. Ile sponji ya kuoshea vyombo usiijaribu, inanyonya maji inakwenda chini.

Ndoano mi napenda namba 12, isiyo na kile kijino cha kurudi nyuma karibu na ncha, kumwachia samaki inakuwa rahisi. Ukishaibana kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, usikimbilie foamu. Zungusha uzi kwenye shina lote, ile sehemu iliyonyooka ya ndoano, kutoka nyuma kidogo ya tundu la kufungia mshipi mpaka pale ndoano inapoanza kujikunja, alafu rudi tena juu yake. Hapa ndo nilikuwa nafanya uvivu. Chuma kitupu kinateleza, foamu haina cha kushika, itakaa sawa ikiwa mezani, lakini samaki wawili tu na imeshazunguka. Juu ya huo uzi weka tone dogo la supagluu, dogo kweli, likizidi litapanda kwenye foamu na kuifanya ikakamae.

Kata ukanda wa foamu, upana wake usizidi nafasi iliyopo kati ya shina na ncha. Mwisho mmoja uchonge kama ncha ya mkuki, huo ndo unaufunga, sehemu iliyobaki inaning'inia kwa nyuma. Na uzi usiwe mwembamba kama utando wa buibui, ule unakata foamu kama wembe, utasikia kabisa mkononi mvuto umelegea ghafla na ukitazama foamu imegawanyika. Mizunguko miwili ya kwanza iweke kwa upole, foamu ibonyee tu kidogo, wa tatu ndo unaanza kukaza, wa nne unakaza zaidi. Foamu ikishabonyezwa na uzi wa kwanza, ule wa pili unapata pa kulala, haukati tena.

Tumbo natumia nyuzi tatu za unyoya wa tausi, nazisokota pamoja na uzi wenyewe ili meno ya trauti yasizikate haraka, nazungusha kwenda mbele na kuacha nafasi ya kichwa. Usijaze tumbo, ukilijaza ile nafasi ya ncha inazibika na unarudi kwenye shida ileile. Kisha kunja foamu ije mbele iwe mgongo. Usiivute! Foamu iliyovutwa inakuwa nyembamba, inabana hewa yake na flai inaelea vibaya. Ilaze tu, ifunge, weka miguu ya mpira miwili kila upande, kata foamu iliyozidi uache kichwa kifupi. Juu kabisa nafunga kipande kidogo cha foamu ya rangi ya chungwa, hicho ni cha macho yangu mimi, trauti yuko chini anaona tumbo na kivuli. Mwisho tone jingine la gundi pale chini ambapo uzi unakutana na foamu.

Kabla haijaingia kwenye boksi naibana foamu kwa vidole viwili najaribu kuizungusha. Ikisogea hata kidogo, nafungua naanza upya. Alafu naitupa kwenye glasi ya maji mara kadhaa, lazima kila mara itue tumbo chini.

Mtoni mende huwa wanadondoka kutoka kwenye nyasi na matawi, kwa hiyo flai hii iache itue na kasauti kadogo karibu na ukingo, trauti anageuka kutazama. Na akiichukua vuta subira, afunge mdomo na kuanza kushuka ndo uinue fimbo.

Wiki iliyofuata nilirudi pale pale, chini ya tawi lile lile, sijui kama alikuwa yule yule lakini saizi ilikuwa ile. Alipanda polepole mpaka nikaona pua, akafunga mdomo, nikasubiri, nikainua. Ndoano ilikuwa pembeni ya mdomo kabisa. Nilipomwachia niliiangalia foamu, ina alama za meno mgongoni, na haijasogea hata kidogo, nikaipuliza nikairusha tena.