Mita 60 kutoka wapi? Tulivyopima kingo za mto mtaani kwetu

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hilo kila mjumbe wa mtaa analijua. Ugomvi ni mahali pa kuanzia kupima.

Mara ya kwanza tulishauriwa tuanzie maji yalipo. Ilikuwa Septemba, na huku chini ya milima ya Uluguru mto wakati huo unavukwa kwa hatua tatu. Masika yalipoingia, vigingi vya upande wa bondeni vilisimama ndani ya maji. Ushauri ule ulitupotezea msimu mzima, na bado nausikia ukitolewa kwa wengine.

Sasa tunaanzia kwenye alama ya tope. Mafuriko yakipungua, magome ya miti na kuta huacha mstari wa udongo, na takataka hunasa matawini. Tuliwachukua wazee wawili watuonyeshe mafuriko yalipofika, kila mmoja kwa wakati wake ili wasisikilizane. Wote wakaonyesha mkuyu uleule. Tukaupaka rangi nyekundu. Kamba iwe ya katani, mita 20, ivutwe mara tatu. Ya nailoni inarefuka. Tena ivutwe sawa na upeo wa macho, isilale kwenye mteremko: mteremko wa asilimia 30 unakula mita mbili na nusu katika hizo 60.

Mteremko wenyewe tunaupima kwa mpira wa maji wa mafundi, ule unaoonekana ndani, mita 8. Fito mbili za mita 2 zenye alama za sentimita zisimame umbali wa mita 5. Toa hewa yote, maana povu moja tu linadanganya. Usawa wa maji unaosomeka kwenye fito hizo mbili ukitofautiana mita moja na nusu, hiyo ni asilimia 30. Zaidi ya hapo mwenyekiti wa mtaa hagongi muhuri bila ripoti ya mhandisi.

Kinachonifurahisha zaidi ni shimo. Kabla ya msingi, mwenye kiwanja achimbe mita moja na nusu. Mto hupanga mzigo wake: kokoto za mviringo, kisha mchanga, tabaka kwa tabaka. Ukikuta jiwe la ukubwa wa ndoo limening'inia katikati ya tope gumu, kando yake changarawe na kipande cha gogo, bila mpangilio wowote, mlima umeshawahi kushuka hapo. Ndivyo Mlima Hanang ulivyoshuka tarehe 3 Desemba 2023: tope, mawe na magogo vilifuata makorongo hadi Katesh. Kwa hiyo mdomo wa korongo, hata likiwa kavu miaka yote, tunaukataa, mita 60 ziwepo zisiwepo.

Angalieni pia anayechonga kilima apate uwanja wa kujengea. Udongo anaoumwaga upande wa chini haujashikana na chochote. Ndio unaotangulia kuteleza. Shimo la maji machafu akilichimba juu ya ukuta wa kilima aliouchonga, analowesha mlima kila siku.

Gharama haikufika laki mbili, nyingi ikiwa rangi na chakula cha vijana. Vigingi viling'olewa usiku, tukapanda minyaa kwenye mstari, mche mmoja kila hatua. Pandeni vuli ikianza, na ukikata mche leo uuache kivulini siku chache kidonda kikauke, usije ukaoza.