Mizunguko Mitatu na Robo

"Umegusa chochote kwenye kabureta?"

"Hapana, kaka. Sijagusa kitu."

Fundi alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yangu, bisibisi fupi mkononi. Hakubishana nami. Alitafuta skrubu ndogo ya shaba ubavuni mwa kabureta, akaanza kuifunga polepole huku akihesabu kwa sauti. "Nusu. Moja. Moja na nusu." Nikaanza kutazama pembeni. "Mbili. Mbili na nusu. Tatu." Akaongeza robo, ikagota. Akainua macho.

"Hizi huanzia moja na nusu," alisema. "Hii ilijifungua yenyewe?"

Ilibidi niseme yote.

Pikipiki ilikuwa ya porini, cc 250, injini ya mapigo mawili, ile ambayo oili unaichanganya na petroli mwenyewe kabla ya kujaza tanki. Niliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa akiendesha milimani kwenye joto. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo alikuwa ameweka jeti (vipande vyenye tundu la kupitisha mafuta ndani ya kabureta) za tundu dogo zaidi ili mafuta yaendane nayo. Mimi nilikuwa naendesha chini, asubuhi na mapema, kwenye baridi. Hewa ya namna hiyo ni nzito. Ikiingia kwa wingi halafu jeti ni zilezile za mlimani, mafuta hayatoshi.

Dalili zote zilikuwepo. Nikiachia mafuta ghafla, mzunguko wa injini haukushuka mara moja. Ulining'inia juu sekunde mbili tatu ndipo ukatulia. Nikivuta mafuta kutoka sailensa, yaani injini ikiwa inanguruma tu bila kuvutwa mafuta, injini ilishtuka, ikameza mate, kisha ndiyo ikaondoka. Nikasema: huyu ana njaa, anahitaji mafuta zaidi. Hapo sikukosea hata kidogo, na ndiyo maana kosa langu lilichelewa kuonekana.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezoea injini za mapigo manne. Kwenye kabureta zake nyingi, skrubu ya kurekebisha sailensa iko upande wa injini na inaongoza mafuta: ukiifungua unaongeza. Kwenye kabureta ya hii mpya yangu, Keihin PWK, skrubu iko nyuma, upande wa kichujio, na inaongoza hewa. Ukiifungua unaongeza hewa, maana yake unapunguza mafuta. Mimi nikaifungua nusu mzunguko. Ikazidi kushtuka. Nikasema bado haijashiba, nikaongeza nusu nyingine. Nadhani kuna ukaidi ambao unampata tu mtu aliyeanza kwa kuwa sahihi.

Tena nilikuwa na ushahidi. Nilikimbiza pikipiki mafuta yakiwa yamefunguliwa yote kwenye uwanda, nikabana klachi, nikazima hapohapo, nikachomoa plagi. Rangi ya kahawa, safi kabisa. Kama mafuta yangekuwa machache ingekuwa nyeupe, sivyo? Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kabureta hufanya kazi kwa zamu. Kuanzia sailensa hadi mafuta yafunguliwe kama robo, mwenye kazi ni jeti ndogo pamoja na ile skrubu. Kutoka robo hadi robo tatu, sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta. Juu ya hapo, jeti kubwa. Zamu hupishana kidogo, lakini plagi inatoa ushahidi wa zamu iliyokuwepo ulipozima. Plagi yangu ilikuwa imeniambia jeti kubwa iko sawa. Kuhusu jeti ndogo haikuulizwa, haikujibu.

Siku ya tukio nilipanda kilima kirefu bila shida yoyote. Kupanda unavuta mafuta, na juu huko sindano na jeti kubwa walikuwa wazima. Shida ilikuwa kushuka. Mteremko ulikuwa mrefu, wa mawe madogo. Nikaweka gia ya pili, nikafunga mafuta kabisa, nikaiacha injini inizuie. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaizungusha kwa kasi, sauti iko juu, na kabureta imefungwa. Katika injini ya mapigo mawili ya kuchanganya, oili haina njia yake. Inaingia pamoja na petroli. Jeti ndogo ikitoa mafuta kidogo, na oili nayo ni kidogo. Hapo jeti ndogo ndiyo ilikuwa peke yake zamuni, nami nilikuwa nimeinyima kwa mikono yangu.

Nilisikia mlio mwembamba kama wa kitasa kikavu. Kisha gurudumu la nyuma likaganda. Pikipiki ikaanza kuteleza ubavu, nikabana klachi kwa woga tu, wala si kwa ujuzi, likaachia. Kimya. Nilishuka nusu ya pili ya mteremko ule bila injini, nikisikia mawe chini ya matairi na breki zikilia.

Tulipofungua silinda, pistoni ilikuwa na michirizi upande wa ekzosi na ringi imebanwa kwenye mfereji wake. Alumini ya pistoni ilikuwa imejipaka kwenye ukuta wa silinda kama siagi. Nilidhani silinda imekwisha. Yeye akavaa glavu, tukatoka nje penye hewa, akachovya pamba kwenye asidi kidogo na kugusa pale palipopakwa tu. Ikatoa povu. Alumini inaliwa na asidi upesi. Ganda gumu la nikeli lililo ndani ya silinda linastahimili, mradi usizembee. Akasuuza, akarudia, akarudia tena, mpaka povu likakoma. Chini yake ganda lilikuwa zima. Nilitaka kumkumbatia, ila alikuwa bado ameshika asidi.

Pistoni mpya, ringi mpya. Jeti ndogo akatoa ya 42, akaweka ya 45.

"Na sindano, kaka?"

"Sindano imekukosea nini?"

Nikanyamaza.

Injini ilipopata joto alinipa bisibisi. "Funga mpaka igote, usiikaze. Sasa fungua polepole, sikiliza." Nilifungua. Sailensa ilikuwa nzito, inabwabwaja, moshi mwingi. Kwenye mzunguko mmoja ikaanza kuchangamka. Moja na nusu ikapanda. Nilipopita kidogo moja na robo tatu nikaisikia inaanza kuyumba, nikarudisha. Akaniambia nivute mafuta na kuachia. Mzunguko ukashuka papo hapo, bila kuning'inia. Akasema kama kilele cha kasi ya injini kingekuja kabla ya kufungua skrubu mzunguko mmoja, jeti ingekuwa bado ndogo. Kama kingepita mbili na nusu, ingekuwa kubwa mno. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito akaandika ndani ya kifuniko cha kichujio: NJE = HEWA. Herufi kubwa, kama za darasa la kwanza. Sikulalamika.

Baada ya kuilainisha pistoni mpya kwa wiki mbili tatu, nilirudi kwenye kilima kile. Nilishuka kwa gia ileile, ila safari hii kila baada ya sekunde chache nilikuwa nafungua mafuta kidogo ili pistoni ipate oili. Injini ilibwabwaja kistaarabu mpaka mwisho. Nilipofika chini nikataka kubadili gia, nikakuta vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi juu ya klachi.