Gego Lililopasuka Hadi Kwenye Mzizi

Gego langu la kwanza la chini, upande wa kulia, lilikuwa limetibiwa mzizi, yaani kutolewa kiini chake chenye neva, na kuvishwa kofia ngumu ya kulifunika miaka mingi kabla ya siku ninayoisimulia, na kwa muda wote huo halikunisumbua. Ndiyo maana ufizi ulipoanza kutoa kijipu kidogo pembeni yake, nami nikawa nasikia uchungu mkali kila nilipouma kitu kigumu, nilidhani tatizo ni jino la jirani. Niliamini kwamba jino lisilo na kiini haliwezi kuuma. Kumbe uchungu wa namna ile hautoki ndani ya jino, bali hutoka kwenye nyuzi na mfupa unaolishikilia, na hivyo havikuwa vimeguswa na matibabu ya zamani.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo asiyependa kupamba habari mbaya. Alitazama picha ya eksirei, akapitisha kifaa chembamba kandokando ya ufizi, na mahali pamoja tu kikazama ghafla kuliko kwingine kote. Hapo alinyamaza kidogo. Akaitoa kofia, akamulika taa, kisha akanionyesha kwenye kioo mstari mwembamba mweusi uliolikata jino na kushuka ndani ya mzizi.

“Hili sitaliziba, mwanangu,” alisema. “Hili linang'olewa.”

Nilimwuliza kama hakuna namna ya kuligundisha. Alinieleza kwa subira kwamba angekuwa na mengi ya kufanya iwapo uharibifu ungeishia juu ya ufizi: tundu huzibwa, jino lililodhoofika huvishwa kofia, na hata lililovunjika kichwa chote huweza kuwekewa nguzo ndani ya mzizi na kujengwa upya, mradi ubaki ukingo wa jino zima wa kama milimita 2 ambao kofia itaukumbatia. Mpasuko wa wima katika mzizi ni jambo jingine. Kila ninapotafuna, pande mbili za ufa huachana kidogo, bakteria huingia, na mfupa wa jirani huzidi kuliwa. Kulibakiza jino lile kungekuwa kupoteza mfupa ambao ningeuhitaji baadaye.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotuingiza katika mazungumzo marefu, maana alitaka tuamue kitakachojaza pengo kabla pengo lenyewe halijapatikana. Kuliacha wazi kulikuwa chaguo pia, lakini gego la nyuma yake lingeweza kuegemea mbele taratibu, na lile la juu, likikosa wa kukutana naye, lingeweza kushuka.

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua niliyakataa kabla hajamaliza sentensi, na nakiri kwamba sababu yangu haikuwa ya kitabibu. Marehemu baba aliyavaa juu na chini. Ya juu yalitulia kwa kunata kwenye kaakaa, lakini ya chini yalielea na kusukumwa na ulimi, na hali ilizidi kuwa mbaya kadiri mfupa wa taya ulivyopungua. Daktari alinisahihisha kwamba kipande cha jino moja au mawili, chenye fremu nyembamba ya kobalti na kromiamu na vishikizo vinavyokamata meno yaliyobaki, si sawa na mdomo usio na jino hata moja, tena hakihitaji upasuaji na gharama yake ni ndogo. Nilimsikiliza kwa adabu, nikabaki na msimamo wangu.

Daraja ndilo lililotuchukua muda. Meno mawili yanayopakana na pengo huchongwa pande zote, kisha kofia tatu zilizoungana hugandishwa juu yake, ile ya katikati ikisimama mahali pa jino lililotoka. Kazi humalizika katika wiki chache na hakuna mfupa unaotobolewa, kwa hiyo nilikuwa karibu kukubali. Ndipo aliponigeuzia kioo nitazame majirani wenyewe. Gego la nyuma lilikuwa na kizibo kikubwa ambacho kuta zake zilikwisha kuanza kumeguka, na kwa vyovyote lilikuwa linaelekea kuvishwa kofia. Lile dogo la mbele halikuwa na doa.

“La nyuma nitalichonga bila kujiuliza,” alisema. “La mbele ndilo linalonitia uzito. Enameli nikishaiondoa, haioti tena.”

Mpaka dakika ile nilikuwa nimelifikiria pengo peke yake, kana kwamba swali lilikuwa ni kitu gani kinajaza nafasi vizuri zaidi. Sasa nililiona kwa upande wa pili: jino zima, ambalo halikuwa na kesi yoyote, lingepoteza zaidi ya milimita moja kila upande kwa ajili ya mwenzake, na kama siku moja lingeoza chini ya kofia, daraja lote lingebomolewa pamoja nalo. Alisema waziwazi kwamba kama meno yote mawili yangekuwa na vizibo vikubwa, angenishauri daraja, na nadhani ningemfuata.

Kikabaki kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayokaa ndani ya taya badala ya mzizi. Msingi wake uligunduliwa na Mswidi Per-Ingvar Brånemark, ambaye katika miaka ya 1950, akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura, aliona kwamba vifaa vyake vya titani vilikuwa vimeshikana na mfupa kiasi cha kutong'oka. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mwaka 1965 na akaishi navyo hadi alipofariki mwaka 2006. Habari hiyo ilinitia moyo kuliko maelezo yote ya kitaalamu, ingawa daktari hakukosa kuuliza kuhusu sigara na kisukari, ambavyo huchelewesha kupona, wala kupima umbali wa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya ya chini.

Jino liling'olewa, kidonda kikapona, na baada ya miezi kadhaa mfupa ukawa tayari. Katika upasuaji, ganzi ilinifanya nisikie mtetemo tu, pamoja na maji mengi ya baridi yaliyomiminwa bila kukoma, kwa sababu mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaweza kuathirika na kukataa kushikana na titani. Kwa uchungu, kung'olewa kulikuwa kubaya zaidi. Kisha tukasubiri tena, na katika kungoja huko gego la nyuma likavishwa kofia yake.

Siku ya kuweka kofia ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, juu ya kipandikizi, daktari alinifanya niume karatasi ya rangi mara nyingi, akisugua kila alama iliyokolea. Jino la asili, alieleza, limening'inizwa kwa nyuzi zinazobonyea na kuuarifu ubongo nguvu inapozidi. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, hivyo ningeweza kukikandamiza kupita kiasi bila kujua. Alinionya pia kwamba titani haiozi, lakini ufizi na mfupa wake huugua, na akanipa brashi nyembamba ya kupitisha kandokando kila usiku.

Nilipokuwa nashuka kwenye kiti nilimwomba tupange na upande wa kushoto, ambako gego la pili la juu na mwenzake wa chini yalikwisha kutoka zamani. Alikagua, akaniuliza kama natafuna vizuri upande huo, nikajibu ndiyo. Alisema basi hapo hataweka kitu, kwa kuwa hakuna jino la kushuka wala la kuinamia pengo, na yaliyobaki yananitosha. Akaandika tarehe ya kuja kusafishwa, akamwita mgonjwa mwingine.