Siku Moja Maishani Mwangu: Nagawa Karata, Sichezi

Saa nane mchana ndiyo asubuhi yangu. Chai ya rangi, mahamri ya jana, kupiga pasi shati jeupe. Jirani yangu hapa Tudor, mama mtu mzima, haachi kuniuliza: "Leo utashinda ngapi, mwanangu?" Nimemweleza mpaka nimechoka. Kwenye poka, mchezo wa karata za pesa ninaogawa kasino, wateja wanalana wenyewe kwa wenyewe. Kasino inakata chake kidogo kila mzunguko, nami nangoja mshahara.

Saa kumi na mbili, matatu ya Nyali, foleni darajani. Saa mbili niko mezani: mbili za siri kwa kila mtu, kisha tano za wote zikiwa wazi: tatu, moja, moja. Nikipokezana na mwenzangu nageuza viganja mbele ya kamera, waone sijaficha kitu. Mpaka saa sita hakuna la kusimulia.

Ndipo akaketi bosi mmoja wa saa ya dhahabu. Hakubali kutupa karata na kujitoa! Hata saba na mbili za rangi tofauti, mwanzo mbovu kuliko wote, aling'ang'ania. Wajuzi hutupa nyingi, tena hupenda kuamua mwisho, wenzao wakishajifichua.

Mwishowe akapata ree mbili, yaani A mbili, bahati ya mara moja katika 221. Nikafunua tatu, mbili zikawa kopa. Mezani 6,000 za kugombewa, bosi akaweka 500. Kijana wa pembeni, tulikuja kuona baadaye, alikuwa na kopa mbili mkononi na tisa zimebaki. Karata inayofuata kuwa kopa ni kama 19 kwa mia, naye anaombwa 500 agombee 6,500. Nani angekataa? Ya nne si kopa. Bosi, 500 tena. Ya tano: tatu ya kopa. Kijana ana kopa tano, ree za bosi zimelala.

"We binti, umempa makusudi!" Akapiga meza, chipu zikaruka.

"Samahani bosi, zimechangwa mbele yako."

Msimamizi akaja, kamera zikarudishwa nyuma, mchezo ukasimama dakika arobaini, watu wananikodolea kama mwizi wa kuku. Bosi angeweka 4,000 badala ya 500, kijana angekuna kichwa. Lakini siruhusiwi kusema hilo. Hata kununa siruhusiwi.

Baada ya hapo saa sizijui. Mgongo, vidole, karata, mgongo. Nilipotoka adhana ilikuwa imeshalia na muuza kahawa tungu anagonganisha vikombe. Yule kijana aliacha bakshishi ya 100, tugawane watu tisa. Kahawa nikajilipia mwenyewe.